Mkulima wa Muhokya asiishi kwa kusubiri kimbunga cha Madagaska

Muhokya ni mji mdogo wa barabarani, kati ya Kasese na njia panda ya Kikorongo. Unajulikana kwa chokaa yake, kwa malori yanayoelekea Mbarara au mpakani Mpondwe, na tangu mwaka 2020 kwa kambi ya watu waliofurushwa na mafuriko ya Mto Nyamwamba. Uko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi. Hata hivyo, kimbunga kikipiga kaskazini mashariki mwa Madagaska, wanunuzi wa vanila wanaopita hapo na kupanda vilima vya Bukonzo hubadili lugha mara moja. Yule aliyekuwa akimwambia mkulima kwamba soko limekufa huanza kumwita "mzee wangu" na kumwachia namba ya simu.

Mambo haya yametokea mara mbili katika umri wa mtu ambaye leo hajafika miaka arobaini. Aprili 2000 kimbunga Hudah kiliipiga Antalaha, katika eneo la Sava ambako ndiko kitovu cha vanila duniani. Bei ikapanda mpaka kilele cha mwaka 2003 na 2004, na nchini Uganda, kuanzia Mukono hadi Bundibugyo na Kasese, watu wakakimbilia vanila kama wanaokimbilia dhahabu. Mwaka 2005 bei ilikuwa imeanguka. Waliokuwa wamekopa wakabaki na madeni, na wengi wakaacha mimea ikafunikwa na magugu. Kisha Machi 7, 2017 kimbunga Enawo kikapiga eneo hilohilo la Madagaska, na bei iliyokuwa tayari inapanda ikaruka. Mwaka 2018 kilo moja ya vanila iliyokaushwa ilifika takriban dola 600 katika soko la dunia, ghali kuliko madini ya fedha kwa uzito uleule. Hapa Uganda vanila mbichi ikapita shilingi laki moja kwa kilo. Aliyepanda mwaka huo, mmea wake ulipoanza kuzaa baada ya miaka mitatu, alikuta karamu imekwisha na vyombo vimeshaoshwa.

Mkulima ana haki ya kufurahia bei nzuri ikija. Lakini kuna jambo lisilofaa pale biashara nzima inapojengwa juu ya msiba wa mtu mwingine. Mtu wa Kasese aliyeiona Nyamwamba ikibeba nyumba na mashamba Mei 2020, na kuivamia hata hospitali ya Kilembe, anajua kufurushwa na maji ni nini. Kumwambia mtu huyo kwamba atapata karo ya mtoto wake siku paa la Mmalagasi litakapong'oka si sera ya kilimo. Ni ramli.

Na si lazima iwe hivyo, kwa sababu Uganda ina kitu ambacho kisiwa kile kikubwa hakina. Madagaska huvuna vanila mara moja kwa mwaka. Uganda, kwa misimu yake miwili ya mvua, huvuna mara mbili: Juni na Julai, halafu Desemba na Januari. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani anayetaka vanila mpya mwanzoni mwa mwaka, wakati maghala ya Madagaska yamebaki na mzigo wa mwaka uliopita, anaweza kuipata hapa. Hiyo ni faida isiyotegemea upepo wa mtu. Inachosikitisha ni kwamba faida hiyo inatupwa kila msimu na watu wenyewe, kwa kuvuna vanila kabla haijakomaa.

Ili kuelewa kwa nini, ni lazima kuujua mmea wenyewe. Vanila hutambaa juu ya mti mwingine, na huku kwetu mara nyingi mti huo ni mbono, chini ya kivuli cha migomba na kahawa. Ua lake hufunguka asubuhi na kufa siku hiyohiyo. Afrika hakuna mdudu wa kulichavusha kwa kutegemewa, kwa hiyo mtu hupita shina kwa shina na kijiti, akifanya kwa vidole kazi ya nyuki. Ujuzi huo haukutoka maabara. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, kijana mtumwa wa miaka 12 aliyeitwa Edmond Albius ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuinua kile kiwambo chembamba ndani ya ua na kubana chavua kwa kidole gumba. Vanila yote ya Madagaska, Komoro na Uganda imetokana na kidole hicho. Albius mwenyewe alikufa maskini, jambo ambalo watu wa biashara hii hawalitaji sana.

Baada ya kuchavushwa, tunda linahitaji karibu miezi tisa kukomaa. Kisha linatiwa katika maji ya moto, linafungwa kwenye blanketi litoe jasho, linaanikwa juani kwa saa chache kila siku, linarudishwa kwenye blanketi, halafu linawekwa sandukuni kwa wiki nyingi. Kilo tano mpaka saba za vanila mbichi hutoa kilo moja ya vanila kavu. Harufu inayolipiwa na mnunuzi hutengenezwa katika ile miezi ya mwisho mtini na katika ile miezi ya blanketi na sanduku. Tunda likichumwa mwezi wa sita au wa saba wa umri wake, hakuna blanketi litakaloliokoa. Linakuwa jembamba, linapata ukungu, halina harufu.

Sasa mtazame mkulima. Chukua mama mwenye robo ekari kwenye mteremko ulio juu ya Muhokya. Matunda yake yataiva mwishoni mwa Juni. Muhula wa pili wa shule huanza kabla ya hapo, na mwalimu mkuu hapokei maua. Usiku mume au kaka yake analala shambani na panga, kwa sababu wezi wa vanila hawasubiri tarehe ya mtu. Katika miaka ya bei kubwa watu wamekatwa na kuuawa kwa ajili ya vikapu vya matunda mabichi, Uganda na Madagaska pia. Huko Sava wakulima hutoboa kila tunda kwa sindano, kuandika alama yao juu ya ganda, ili mwizi akikamatwa ushahidi uwepo. Mama huyu hana hata sindano. Akija mtu na pikipiki Mei mwanzoni, akamwambia, "Mama, nipe zote leo, nakulipa nusu ya bei," mama anapiga hesabu ya haraka. Nusu mkononi, au bei kamili ambayo huenda ikaibiwa wiki ijayo. Anauza. Ni nani atamlaumu?

Mzigo huo huchanganywa na wa wengine walioiva na wasioiva. Kampala unakaushwa haraka, unasafirishwa, na mnunuzi wa ng'ambo anakuta mchanganyiko. Msimu unaofuata anapunguza bei ya vanila yote ya Uganda, ya aliyeharakisha na ya aliyevumilia. Hivyo ndivyo jina la nchi linavyoharibiwa na umaskini wa wiki tatu.

Serikali ililiona hili. Katika miaka ya karibuni Wizara ya Kilimo imekuwa ikitangaza tarehe ya kuanza kuvuna kwa kila msimu, na atakayekutwa na vanila mbichi kabla ya tarehe hiyo hukamatwa. Wauzaji wa nje waliunga mkono. Utaratibu huu ni mzuri na umesaidia, na wanaoubeza wasisahau hali ilivyokuwa kabla yake. Lakini una matundu mawili makubwa, na Kasese ndiko yanakoonekana vizuri zaidi kuliko Kampala.

Tundu la kwanza ni mpaka.

Tarehe ya Uganda inaishia kwenye Mto Lhubiriha. Ng'ambo ya mto ni Kasindi, halafu Beni na Butembo, nchi ya vanila pia. Watu ni walewale: wanaoitwa Wakonzo upande huu wanaitwa Wanande upande ule, wanaelewana lugha, wanaoana, wanazikana. Kwa miaka mingi vanila ya Kivu Kaskazini na Ituri imekuwa ikipitia Uganda kwenda ng'ambo, kwa sababu njia ya Mombasa ndiyo iliyo karibu. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na soko la pamoja maana yake ni hiyo. Tatizo ni kwamba mchuuzi akikamatwa Kikorongo na mfuko wa vanila changa mwezi Mei, anachohitaji ni kusema imetoka Kongo. Nani atabisha? Tunda halina pasipoti. Na mwenzake wa Butembo, akijua kwamba Uganda haitavuna kwa mwezi mzima na wanunuzi wana njaa, huvuna mapema ili awahi pengo hilo. Sheria iliyowekwa kuzuia uvunaji wa mapema upande mmoja inageuka kichocheo cha uvunaji wa mapema upande wa pili.

Mpaka wa Mpondwe si mpaka wa kawaida, na haitakuwa haki kuwadai maofisa wake miujiza. Juni 2019 watu waliogunduliwa na Ebola nchini Uganda walipita hapo. Mwaka 2020 Korona ilifunga njia ya wachuuzi wadogo. Usiku wa Juni 16, 2023 waasi wa ADF waliingia shule ya sekondari ya Lhubiriha na kuwaua wanafunzi mabwenini. Mahali palipopita hayo yote, suala la tarehe ya vanila linaweza kuonekana dogo. Lakini ni hapohapo ambapo Juni 2021 Rais Museveni na Rais Tshisekedi walizindua ujenzi wa barabara ya Kasindi hadi Beni na Butembo, wakisema biashara ndiyo itakayoleta amani. Kama barabara inajengwa ili bidhaa zipite, basi ni busara kukubaliana bidhaa hizo zichumwe lini.

Jambo hilo halihitaji mkataba wa marais. Linahitaji watu wachache: ofisa kilimo wa wilaya ya Kasese, wenzake wa Beni na Butembo, vyama vya wakulima vya pande zote mbili, na wanunuzi wakubwa. Wakae Bwera au Kasindi mara mbili kwa mwaka, mwezi mmoja kabla ya mavuno, watembelee mashamba, wakate matunda machache, waamue tarehe. Kisha tarehe itangazwe redioni kwa Kiswahili na kwa lugha ya mlimani. Leo tangazo la Kampala huandikwa kwa Kiingereza na la Kinshasa, likiwepo, kwa Kifaransa, halafu linashuka kwa mdomo mpaka limfikie mkulima likiwa limegeuka uvumi. Katika soko la Mpondwe hakuna anayenunua samaki kwa Kiingereza wala anayeuza maharage kwa Kifaransa. Kiswahili kinafanya kazi hapo kila siku ya soko bila kuombwa na azimio la mkutano wowote.

Hapa ndipo visiwa vinapokuwa walimu, kwa mema na kwa makosa yao.

Madagaska haina tarehe moja kwa nchi nzima. Kila eneo lina siku yake ya kufungua msimu, kwa kuwa maua hayafunguki siku moja kusini na kaskazini. Uganda hutangaza tarehe moja, na mkulima wa Mukono karibu na Ziwa Victoria anawekwa kapu moja na mkulima wa miteremko ya Rwenzori. Hata ndani ya Kasese, joto la bondeni Muhokya si baridi ya Kyarumba. Tarehe ikiwahi, wa juu anavuna mbichi kwa ruhusa ya serikali. Ikichelewa, ya wa chini inapasuka mtini. Magharibi ipewe tarehe yake, na ikiwezekana tarehe hiyo iwe moja na ya Beni ambayo mlima wake ni uleule.

Lakini Madagaska pia ina funzo la nini kisifanywe. Baada ya bei kuanza kushuka, serikali yake iliweka bei ya chini kabisa ya kuuza nje, ambayo kwa muda ilikuwa dola 250 kwa kilo. Nia ilikuwa njema. Wanunuzi wakanunua kidogo, wengine wakatafuta njia za pembeni, vanila ikarundikana maghalani, na bei aliyolipwa mkulima kijijini haikulingana kamwe na ile iliyoandikwa kwenye hati. Mwaka 2023 serikali iliondoa bei hiyo, na mzigo uliokuwa umefungiwa ukamwagika sokoni kwa pamoja. Bei ikaporomoka chini ya dola 100. Kuporomoka huko ndiko kulikofika hadi vilima vya Bukonzo. Kwa hiyo mwanasiasa yeyote wa Kasese atakayesimama jukwaani na kuahidi bei maalumu ya vanila aulizwe kwanza kama amewahi kusikia habari za Sava.

Zanzibar nayo ina hadithi yake, ya karafuu. Kwa miaka mingi serikali ndiyo ilikuwa mnunuzi pekee, na bei yake ilikuwa ndogo mno kulinganisha na ya dunia. Karafuu za Pemba zikawa zinavushwa usiku kwa mashua kwenda Kenya. Doria, faini na kesi hazikumaliza magendo hayo. Yalipungua sana tangu mwaka 2011, serikali ilipopandisha bei kwa kiasi kikubwa na kuahidi kumpa mkulima sehemu kubwa ya bei ya soko la dunia. Askari hakumshinda mchuuzi, bei ndiyo iliyomshinda. Wanaofikiri vanila changa itazuiwa Kikorongo kwa vizuizi vya polisi peke yake wangefanya vizuri kwenda Wete wakazungumze na wazee.

Na hilo ndilo tundu la pili: pesa. Tarehe humwambia mkulima asubiri, lakini haimwambii atakula nini akisubiri. Huko Madagaska kuna desturi ya zamani ya kuuza mazao yakiwa bado maua. Mwenye pesa humkopesha mwenye shamba wakati wa njaa, halafu huja kuchukua vanila yote kwa bei waliyopatana siku ile ya shida. Vilima vya Rwenzori vinaijua desturi hiyo kwenye kahawa. Mkulima aliyekwisha kuuza ua lake hana sababu ya kulinda tunda, na tajiri aliyelinunua ana kila sababu ya kulichuma mapema kabla halijaibiwa.

Dawa ya jambo hili haihitaji kuagizwa kutoka nje, kwa kuwa Kasese imeshaitengeneza kwenye kahawa. Kwa miongo mingi Arabika ya Rwenzori ilijulikana sokoni kwa jina la Drugar, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya Arabika kavu ya Uganda. Ilikuwa kahawa iliyochumwa ovyo, mbivu kwa mbichi, ikaanikwa chini kwenye udongo, ikauzwa kwa bei ya chini kuliko ndugu zake wa Mlima Elgon. Wataalamu walisema ni tabia ya watu wa mlimani. Haikuwa tabia, ilikuwa njaa. Chama cha Bukonzo Joint, chenye makao yake Kyarumba, kilianza na akiba na mikopo midogo mwishoni mwa miaka ya 1990, kabla ya kuwa muuzaji mkubwa wa kahawa. Mpangilio huo una maana. Mwanachama aliyeweza kukopa karo kwenye chama chake hakulazimika kuuza ua kwa mlanguzi. Akasubiri buni iwe nyekundu. Halafu zikaja mashine ndogo za kumenya na kuosha kahawa vijijini, meza za kuanikia, wanunuzi wa moja kwa moja wa ng'ambo. Chama hicho kikafanya jambo jingine lililowashangaza wengi: kiliwaketisha mume na mke pamoja wachore kwenye karatasi nani anafanya kazi gani shambani na nani anashika pesa. Kwa vanila hilo ni muhimu zaidi. Anayeamka alfajiri kuchavusha maua mara nyingi ni mwanamke, na anayepokea pesa kwa mwenye pikipiki mara nyingi si yeye.

Vyama hivi vya kahawa vipewe nguvu ya kuingia kwenye vanila kwa utaratibu uleule. Mkulima aandikishe mashina yake. Wakati wa maua ofisa wa chama ahesabu matunda yaliyoshika. Mwezi Mei, karo inapodaiwa, mkulima apewe sehemu ya thamani kama mkopo, na matunda yabaki mtini. Ulinzi wa usiku uwe wa kijiji kizima kwa zamu, na chama kilipie tochi na mapato ya walinzi, kwa vile familia moja haiwezi kukesha miezi miwili. Vijana wa kambi ya Muhokya waliopoteza mashamba yao kwenye mafuriko wanaweza kupata kazi hapo, kwenye ulinzi, uchavushaji na ukaushaji. Na ukaushaji ufanyike Kasese. Kwa sasa sehemu kubwa ya vanila ya wilaya huondoka ikiwa mbichi, na harufu, pamoja na bei yake, hutengenezwa kwingine.

Kuna watakaosema hii ni kazi kubwa kwa zao ambalo bei yake iko chini. Hoja hiyo ina uzito, na isipuuzwe. Mkopo wa mwezi Mei unaweza kugeuka hasara ya chama ikiwa bei itaanguka kufikia Julai, na historia ya ushirika nchini Uganda imejaa vyama vilivyokufa kwa kukopesha kwa moyo badala ya hesabu. Ndiyo maana sehemu inayotolewa lazima iwe ndogo, pengine theluthi moja ya bei ya chini inayotarajiwa, na mkulima asilime vanila peke yake. Kahawa na migomba iliyo juu yake ndiyo bima yake. Aliyekata kahawa mwaka 2018 ili apande vanila, leo akisikia kwamba Uganda inauza nje zaidi ya magunia milioni sita ya kahawa kwa mwaka na kuingiza zaidi ya dola bilioni moja, anajua alichokosea bila kuhubiriwa.

Wengine wanategemea siasa za dunia. Aprili 2025 Marekani, mnunuzi mkubwa wa vanila, ilipotangaza ushuru wa asilimia 47 kwa bidhaa za Madagaska na asilimia 10 kwa za Uganda, kuna waliosugua mikono wakidhani zamu ya Uganda imefika. Miezi minne baadaye nchi zote mbili ziliwekewa kiwango kimoja, asilimia 15. Ilikuwa kimbunga kingine tu, cha karatasi, na kilipita. Wenye viwanda vya aiskrimu nao hawana subira ya kuumizwa na bei. Kila mara vanila inapopanda sana, huhamia kwenye harufu inayotengenezwa kiwandani, na wakishahama hurudi polepole na wachache.

Ndiyo maana mazungumzo na visiwa yana faida kuliko kuviombea mabaya. Uganda, Kongo, Madagaska na Komoro zote ni wanachama wa COMESA. Jumuiya hiyo tayari imefanya kazi Mpondwe, kwa mfumo wake rahisi wa forodha kwa wachuuzi wadogo wa mpakani. Hakuna kinachoizuia kuwa na meza ya vanila, mahali pa kupashana habari za ukubwa wa mavuno, tarehe za misimu na akiba iliyo maghalani. Mwaka 2023 mzigo uliokuwa umerundikana Madagaska ulijulikana kwa wafanyabiashara wa Ulaya muda mrefu kabla haujamwagika. Mkulima wa Muhokya ndiye aliyejua wa mwisho, na alijua kwa njia ya bei.

Tanzania, yenye vanila yake Kagera na Zanzibar, haimo COMESA, kwa hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo itahitajika. Hilo litachukua muda, na watu wa Arusha wanajulikana kwa kupenda kamati. Bwera na Kasindi wasiwasubiri. Msimu mmoja wa majaribio, upande huu na ule wa Lhubiriha, wenye tarehe moja na tangazo moja la Kiswahili, hautagharimu zaidi ya semina moja ya hotelini mjini Kampala.

Wizara itakapotangaza tarehe ya mavuno yajayo, wabunge wa Kasese waulize swali moja kabla ya kupiga makofi: nani alizungumza na Beni na Butembo? Mama wa Muhokya atakuwa na swali lake, na atamuuliza ofisa kilimo, si mbunge. Shule inafunguliwa mwishoni mwa Mei. Vanila inakomaa mwishoni mwa Juni. Mwenye pikipiki ameshapiga simu mara mbili.